NANI ALIYEFUNGA MLANGO WA HOSPITALI?



Katika mkutano wa tawi letu mwezi uliopita, katibu alileta shauri la kwamba tawi liweke akiba kidogo ya kuwasaidia manesi na madaktari wa kaunti siku watakapogombana tena na mwajiri wao. Ndugu mmoja akasimama, akasema: "Shauri yao. Hao ndio waliowaacha watu wetu wakafa mwaka wa 2017. Tusiwape hata senti tano." Watu wakapiga makofi, shauri likaanguka, tukaenda zetu.

Mimi sikupiga makofi, lakini pia sikusimama. Nilinyamaza kwa sababu maneno hayo ya ndugu yetu niliwahi kuyasema kwa kinywa changu, tena kwa sauti kubwa kuliko yeye. Usiku ule sikupata usingizi vizuri. Nikaona ya kuwa mtu aliyejua jambo akakaa kimya amefanya kosa kuliko yule aliyesema asilolijua. Basi leo nasema kwa karatasi yale niliyopaswa kuyasema kwa mdomo. Nitakayemkosea atanisamehe, na anayeona nimekosa naye aandike. Gazeti hili ni letu sote.

GARI LIKIPOKELEWA, LIMEPOKELEWA NA MIZIGO YAKE

Kwanza tukumbushane jinsi mambo yalivyoanza, maana wengi wetu tunakumbuka mlango uliofungwa, hatukumbuki ufunguo ulipita mikono ya nani.

Katiba ya mwaka wa 2010 iligawa kazi ya afya sehemu mbili. Serikali Kuu ilibaki na mipango ya nchi na hospitali kubwa za rufani. Serikali za kaunti, zote 47, zilipewa hospitali za kaunti, vituo vya afya, dispensari na magari ya wagonjwa. Kaunti zilianza baada ya uchaguzi wa Machi 2013, na kazi ya afya ikahamishwa kwao mwezi wa Agosti mwaka ule ule.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwezi wa Juni 2013, kabla ya kuhamishwa huko, Wizara ya Afya ilitia sahihi mapatano na chama cha madaktari. Mapatano hayo yalihusu mishahara, masaa ya kazi, masomo na vifaa. Miezi miwili haijaisha, madaktari wengi wakawa watu wa kaunti. Wakienda Wizarani kudai mapatano, wanaambiwa: "Ninyi sasa mwajiri wenu ni gavana." Wakienda kwa gavana, wanaambiwa: "Mimi sikutia sahihi karatasi hiyo." Wakarushwa hivyo kama mpira, huku na huku, zaidi ya miaka mitatu.

Sisi watu wa reli tunajua mambo ya kupokezana kazi. Stesheni masta anapoingia zamu, haanzi na ukurasa mweupe. Anasoma kitabu, anaona gari lipi liko njiani, pointi ipi ni mbovu, mahali gani gengi linafanya kazi, kisha anatia sahihi. Baada ya sahihi hiyo, hawezi kusema, "Gari lile liliingia zamu ya mwenzangu, likianguka si langu." Akisema hivyo atafukuzwa kazi, na kama watu wamekufa atafungwa. Gari likipokelewa, limepokelewa na mizigo yake na abiria wake. Lakini mabwana wakubwa waliopokezana afya ya watu wa Kenya nzima hawakuulizwa kitabu kiko wapi.

HESABU YA MWAKA MMOJA

Mimi shule yangu ilikuwa ya misheni, nikaishia darasa la nane. Hesabu ya kujumlisha na kutoa nilifundishwa kwa fimbo na haijanitoka. Basi na tuuhesabu mwaka wa 2017 siku kwa siku.

Mwaka ulianza madaktari wakiwa nje. Walikuwa wametoka tarehe 5 Desemba 2016, na manesi nao walitoka siku hiyo hiyo, lakini wao walirudi baada ya siku chache kwa kupewa ahadi. Ikumbukeni ahadi hiyo, tutairudia. Madaktari wakakaa nje Januari yote. Tarehe 13 Februari 2017 viongozi saba wa chama chao wakafungwa mwezi mmoja kwa kosa la kudharau korti. Siku mbili baadaye Korti ya Rufani ikawatoa. Tarehe 14 Machi mkataba wa kurudi kazini ukatiwa sahihi. Zilikuwa siku 100 kamili, na katika hizo siku 73 ni za mwaka wa 2017.

Watu wakashukuru Mungu. Mvua ndefu zikaja zikapita. Tarehe 31 Mei 2017 reli mpya ya Mombasa na Nairobi ikafunguliwa kwa bendera na ngoma. Tulisimama pale wengi wetu, na mimi nilikuwepo na shati jipya. Siku tano baadaye, tarehe 5 Juni, manesi wakatoka kazini. Kwa nini? Kwa sababu ile ahadi ya Desemba haikutimizwa. Mapatano yao na kaunti hayakutiwa sahihi. Magavana wakaitupia Tume ya Mishahara, Tume ikasema fedha ni nyingi mno, Wizara ikasema si kazi yake. Mpira tena.

Mwezi ule wa Juni kipindupindu kilikuwa Nairobi, hata watu wa afya waliokutana katika hoteli moja kubwa wakakipata kwenye chakula chao. Agosti tarehe 8 tukapiga kura. Septemba tarehe 1 Korti Kuu Zaidi ya nchi ikaifuta kura ya urais. Mwezi huo huo wa Septemba maklinikal ofisa nao wakagoma. Huko Marsabit malaria ikaua watu, na dispensari hazina mtu. Oktoba tarehe 26 tukarudia kura. Magavana wapya walikuwa wamekwisha kuapishwa, wa zamani wameaga, na manesi bado wako nje. Mishahara yao ilisimamishwa, barua za kuwatisha kuwafukuza zikatembea. Tarehe 2 Novemba ndipo waliporudi. Hesabuni: Juni siku 26, Julai 31, Agosti 31, Septemba 30, Oktoba 31, Novemba 2. Jumla siku 151.

Ongeza 73 za madaktari. Ni siku 224. Mwaka una siku 365. Toa, zinabaki 141.

Basi ndugu, mwaka wa 2017 mfanya kazi wa Kenya alikuwa na hospitali ya kaunti yenye madaktari na manesi wote kwa siku 141 tu. Siku zote nyingine alikuwa na jengo.

MGUU WA MWENZETU

Sasa nitasema jambo lililotupata sisi wenyewe. Sitataja majina wala mahali, maana nia yangu si kumshtaki mtu mmoja.

Ilikuwa wiki ya pili baada ya kura ya Agosti. Gengi letu lilikuwa likibadilisha mataruma katika laini ya zamani. Pamoja nasi walikuwapo vibarua wa mkandarasi, vijana wa kulipwa kwa siku. Saa nne ya asubuhi jeki iliteleza, reli ikashuka juu ya mguu wa kijana mmoja wao. Buti lake halikuwa buti, lilikuwa kiatu cha raba alichonunua mwenyewe sokoni. Tulipoinua reli, hakuna aliyependa kutazama mara mbili.

Tukamweka kwenye troli, tukamsukuma mpaka stesheni, kutoka hapo tukapata pikapu mpaka hospitali ya kaunti. Geti lilikuwa na mnyororo. Askari mmoja mzee alitoka kibandani, akatazama mguu, akaondoa kofia yake. Akasema: "Wanangu, hapa hakuna mtu. Nilinde nini mimi mwenyewe sijui. Mpelekeni kwa watu binafsi."

Tukaenda kwa watu binafsi. Pale hakuna mnyororo, lakini kuna karani na dirisha. Karani akataka shilingi 30,000 kwanza. Kijana hana kadi ya bima, kibarua wa siku anakatwa bima na nani? Mkandarasi tukimpigia simu, haipokei. Tukachangishana kwa simu zetu, huyu 500, huyu 1,000, nyapara wetu akatoa 3,000 ambazo zilikuwa karo ya mtoto. Saa tisa tukawa na 14,500. Karani akasema hiyo inatosha kuosha na kufunga tu, na sindano moja. Wakaosha, wakafunga, wakatupa mgonjwa wetu na karatasi.

Siku ya tatu mguu ukaanza kunuka.

Katika landhi yetu, safu ya pili, anaishi mama mmoja nesi wa hospitali ile ile ya kaunti. Mwezi wa tatu alikuwa hana mshahara. Asubuhi alikuwa akikaanga mandazi na kuuza kando ya barabara, na sisi tulipita tukielekea kazini. Ndugu, nakiri hapa mbele yenu: mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia, kila nikipita, "Mama, mandazi yamekuwa matamu kuliko wagonjwa, siyo?" Wenzangu walicheka. Yeye hakunijibu hata siku moja. Alinihesabia chenji yangu, basi.

Usiku ule wa tatu tulibisha mlango wake, nami nilisimama nyuma kabisa. Alifungua, akanusa, akasema neno moja: "Mlazeni." Akachemsha maji kwenye jiko lake la makaa. Alikuwa na mkasi, shashi chache na dawa ya kuoshea, vitu alivyonunua mwenyewe. Alifanya kazi mpaka usiku wa manane, akilia kidogo na kuendelea. Kisha akatuambia: "Mimi nimefanya la mkono wangu. Huyu anahitaji kukatwa vidole viwili haraka, ama ataupoteza mguu wote. Hilo mimi siwezi kufanya jikoni." Nyapara akamwuliza: "Mama, tukupe nini?" Akasema: "Msinipe kitu. Lakini kesho mkipita pale nauza mandazi, msinitukane."

Kijana tulimpeleka hospitali ya misheni, mwendo wa masaa manne kwa gari. Walimpokea. Hawakukata vidole viwili, walikata nusu ya mguu, maana tulichelewa. Leo anashona viatu. Anaishi, Mungu asifiwe, lakini kazi ya laini hataifanya tena.

Sasa nawauliza, ndugu wanachama: Ni nani aliyeukata mguu huo? Ni mama wa mandazi?

HOJA YA NDUGU YETU NA JIBU LAKE

Ndugu yetu alisema katika mkutano: "Mgonjwa hana hatia. Nesi akigoma anampiga asiye na kosa." Maneno haya si ya upumbavu. Nayaheshimu, na ninataka kuyajibu sawasawa.

Ni kweli mgonjwa hana hatia. Lakini ni nani aliyeweka mgonjwa katikati? Manesi hawakuamka siku moja wakasema tugome. Walizungumza, wakagoma siku chache Desemba 2016, wakapewa ahadi, wakarudi kazini kwa imani. Wakangoja miezi sita. Kama mwajiri angetimiza neno lake katika miezi hiyo sita, geti lile lisingekuwa na mnyororo Agosti. Anayeahidi mbele ya mashahidi na kisha akakaa juu ya ahadi ndiye aliyefunga mnyororo, hata kama hakuugusa kwa mkono wake.

Tena ndugu, angalieni sana hoja hii inakotupeleka. Ikiwa nesi hawezi kugoma kwa sababu mgonjwa ataumia, basi mwalimu hawezi kugoma kwa sababu mtoto ataumia, na mtu wa reli hawezi kugoma kwa sababu abiria ataumia. Atabaki nani mwenye ruhusa ya kugoma? Mtu ambaye kazi yake haimfai mtu yeyote. Katiba, kifungu cha 41, inampa kila mfanya kazi haki ya kugoma. Haikusema isipokuwa wale tunaowahitaji.

Wazee wetu walielezwa hivyo hivyo. Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa kama 15,000, watu wa bandari, wa reli na wengine, waliacha kazi siku 12. Walikutana pale Kiwanja cha Maskini wakadai mshahara wa kuweza kuishi. Wakaambiwa wanauharibu mji na kuwatesa wenye njaa. Chege Kibachia aliyewaongoza akakamatwa mwaka ule ule, akapelekwa kukaa Baringo mbali na watu wake. Leo hii hakuna kati yetu anayesema wazee wale walikosa. Tunajivunia kuwa watoto wao. Basi kwa nini dada zetu manesi tuwahukumu kwa sheria ambayo hatukuwahukumia babu zetu?

Lakini, na hapa ndipo ninapowaambia pia ndugu zetu wa hospitali bila kuficha, liko kosa lao. Sisi tukigoma hatuliachi gari katikati ya laini kati ya stesheni mbili. Tunalifikisha stesheni, tunafunga breki, tunaweka signali yekundu, ndipo tunatoka. Huo si woga, huo ni utaratibu wa kazi. Mwaka wa 2017 kulikuwa na hospitali ambazo hata chumba cha ajali hakikuachiwa mtu. Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Chama cha wafanya kazi wa afya kingeweka watu wachache wa ajali na wa kina mama wanaojifungua, na kutangaza majina yao kwa redio, kingeshinda mioyo ya nchi yote kwa wiki mbili. Hawakufanya hivyo kila mahali, na wakubwa wakafurahi, maana walipata wa kumlaumu. Mama yule wa landhi alijua hivyo bila kuambiwa na chama. Alifanya jikoni kwake yale ambayo yangepangwa hospitalini.

ETI FEDHA HAKUNA

Jibu la pili tunaloambiwa kila siku ni kwamba fedha hakuna. Na tutazame.

Reli mpya ya Mombasa na Nairobi iligharimu karibu shilingi bilioni 327. Msinielewe vibaya. Mimi ni mtu wa reli na sitaki nchi isiyo na reli. Lakini Serikali iliyoweza kupata fedha hizo haiwezi kuniambia, siku tano baada ya kukata utepe, ya kwamba haina njia ya kuzungumza na nesi.

Tena mwaka wa 2015 Serikali Kuu iliingia mkataba wa kukodi mashine za hospitali kwa miaka saba, kwa shilingi kama bilioni 38, hospitali mbili kila kaunti. Kila kaunti ilianza kukatwa milioni 95 kwa mwaka kwa ajili ya mashine hizo, ipende isipende. Mashine ni kitu kizuri. Lakini kulikuwa na mahali mashine ilikaa ndani ya sanduku kwa sababu hakuna umeme wa kuitosha, ama hakuna mtu aliyefundishwa kuitumia. Hiyo ni kama kununua injini mpya na kumfukuza dereva. Na Oktoba 2016, mwezi mmoja na zaidi kabla madaktari hawajatoka, ilivuja ripoti ya wakaguzi wa ndani ya Wizara ya Afya yenyewe, ikitilia shaka matumizi ya zaidi ya shilingi bilioni 5.

Aprili 2001 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutoa asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Sisi hatujafika hapo. Basi neno la kweli si kwamba fedha hakuna. Neno la kweli ni kwamba fedha zina njia zake, na njia hizo hazipiti wodini.

Na wale waliokuwa wakituambia tuvumilie, wao wakiugua walienda wapi? Wabunge wana bima yao. Wakubwa wana hospitali zao hapa nchini na ng'ambo. Katika hadithi ya Msamaria tuliyofundishwa misheni, kuhani alimwona mtu aliyepigwa akapita upande wa pili, na Mlawi vivyo hivyo. Nafikiri hao wawili angalau walimwona. Wakubwa wetu walipita kwa ndege.

MAMBO HAYAKUISHA 2017

Mtu atasema: "Hayo ni ya zamani, kwa nini unafukua?" Nafukua kwa sababu maiti haijafa.

Mapatano ambayo madaktari walipata mwaka huo wa 2017 ndiyo waliyogomea tena mwaka wa 2024. Walitoka tarehe 14 Machi, tarehe ile ile waliyorudi miaka saba nyuma, wakakaa nje siku 56 mpaka tarehe 8 Mei. Sababu moja kubwa ilikuwa madaktari vijana walio katika mwaka wa mafunzo. Mapatano yalisema walipwe shilingi 206,000 kwa mwezi, Serikali ikataka kuwapa 70,000. Je, kama mwajiri wetu angechukua mapatano yaliyotiwa sahihi na kukata theluthi mbili, sisi tungeimba?

Na tangu Oktoba 2024 sisi sote tunakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima mpya ya afya, mahali pa ile ya zamani iliyoanza 1966. Mwenye shilingi 40,000 anakatwa 1,100 kila mwezi kabla hajanunua unga. Ni fedha zetu. Lakini kadi haimfungi mtu kidonda. Kadi haimkamati mtoto anapozaliwa. Kadi bila nesi ni karatasi, na tunalipia karatasi. Kwa hivyo ugomvi wa nesi na kaunti si ugomvi wa jirani tena. Ni ugomvi juu ya mali yetu.

TUFANYE NINI

Sitaki kumaliza kwa kulalamika. Kulalamika hata kuku anajua. Naleta mashauri matano, na ninaomba kamati iyaweke katika mkutano ujao yapigiwe kura upya.

La kwanza. Shauri la akiba lirudishwe. Shilingi 50 kwa kila mwanachama kwa mwezi haitamwua mtu. Nesi asiye na mshahara miezi mitano akiletewa mfuko wa unga na watu wa reli, hatasahau. Nasi hatutasahauliwa siku yetu ikifika.

La pili. Tuwaandikie wafanya kazi wa afya wa kaunti yetu barua ya urafiki, tukiwaambia tutasimama nao kwa sharti moja: wakae sasa hivi, wakati wa amani, waandike orodha ya kazi za dharura ambazo hazitaachwa hata siku ya mgomo. Orodha hiyo ibandikwe getini, ili mgonjwa ajue, na gavana asipate pa kujificha.

La tatu. Tudai kila mapatano yaandikishwe katika Korti ya Kazi kabla ya picha kupigwa. Mapatano yasiyoandikishwa ni kama kufunga reli kwa kamba.

La nne. Tupeleke watu wawili kila mwaka katika mikutano ya bajeti ya kaunti. Sheria ya fedha ya mwaka wa 2012 inasema wananchi wasikizwe, na makadirio hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili. Mikutano hiyo hujaa watu wanaokula mandazi na kwenda nyumbani. Mtu wetu aende na kalamu, aulize: manesi wangapi walistaafu, wangapi waliandikwa mahali pao, na fedha za mashine ni kiasi gani.

La tano, na hili ni letu wenyewe. Kibarua wa mkandarasi anayefanya kazi katika gengi letu ni mtu wetu. Sheria ya fidia ya ajali kazini ya mwaka wa 2007 haisemi wa kudumu peke yake. Kila nyapara awe na orodha ya majina yao na simu za waajiri wao, na buti zikaguliwe asubuhi kabla jeki haijainuliwa. Kijana wetu hakuangushwa na hospitali kwanza. Aliangushwa kwanza na sisi tuliomwona na kiatu cha raba tukanyamaza.

Ndugu wanachama, mwaka ule niliuliza kila mtu: nani amefunga mlango wa hospitali? Nilimlaumu mama wa mandazi kwa sababu yeye ndiye niliyekuwa nikimwona kila asubuhi. Wale waliofunga mlango wenyewe sikuwaona, maana hawapiti kwa miguu. Huo ndio ujanja wao wa siku zote: wanawaacha wafanya kazi watazamane wao kwa wao, huyu na koleo, yule na bomba la sindano, wakitukanana kando ya barabara, na wao wanapita.

Mama yule bado yuko kazini, hospitali ile ile. Alirudi Novemba 2017 na hajaacha. Asubuhi moja baada ya kurudi nilimkuta stendi akiwa na sare yake nyeupe, nikamwomba msamaha mbele ya watu. Akasema: "Baba, hayo yamepita. Ila siku nyingine tukitoka, njoo usimame nasi getini, usije kununua mandazi tu."

Mimi nitasimama. Naomba tawi lote lisimame.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi ndugu yenu,
Mfanya kazi wa gengi.